391 na 397: ipi ni namba tasa?

SWALI: Mwanangu yuko darasa la sita. Aliandika kwamba 91 ni namba tasa, mwalimu akamwekea kosa. Mimi mwenyewe nimeigawa kwa 2, 3 na 5, inagoma. Tunagawa mpaka wapi ndipo tuseme hii ni tasa?

JIBU: Mliishia njiani, mzazi mwenzangu. Mngejaribu na 7: 7 mara 13 ni 91. Hii huponza wengi kwa sababu ni witiri, na jedwali la kuzidisha tulilokariri huishia 12. Hata Fermat, bingwa wa hesabu wa Ufaransa, aliamini 4,294,967,297 ni tasa, mpaka Euler, bingwa mwingine wa hesabu, alipoonyesha mwaka 1732 kwamba inagawanyika kwa 641.

Namba tasa ina vigawo viwili tu, 1 na yenyewe. Kwa hiyo 1 haimo, maana ina kigawo kimoja. (Jina lenyewe silipendi sana: hizi “tasa” ndizo zinazozaa namba nyingine zote kwa kuzidishana.)

Sasa, kugawa mpaka wapi? Vigawo huja wawili wawili, mkubwa na mdogo wake. Chukua 397. Kwa kuwa 20 mara 20 ni 400, namba mbili zinazozaa 397 haziwezi zote kufika 20. Lazima moja iwe chini yake. Basi tunaishia 19, tena tunajaribu namba tasa peke yake, kwani iliyoikataa 2 itazikataa 4 na 6 pia.

Haiishii na tarakimu shufwa, wala 0 au 5, kwa hiyo 2 na 5 zimetoka. Kwa 3, jumlisha tarakimu: 3+9+7 ni 19, haigawanyiki. Ukigawa kwa 7 inabaki 5. Kwa 11 inabaki 1. Kwa 13, 7. Kwa 17, 6. Kwa 19, 17. Hapo weka kalamu chini, 397 ni tasa.

Halafu mpe mtoto 391. Itamsumbua vilevile: kwa 7 inabaki 6, kwa 11 inabaki 6, kwa 13 inabaki 1, na hapo ndipo wengi huandika “tasa”. Akifika 17 atapata 23 kamili, bila baki.