Usiuzibe ua wote kwa zege
Tulipohamia nyumba yetu ya Mbagala, Dar es Salaam, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kumwita fundi amwage zege ua mzima, kwa kuwa niliamini kwamba ua usio na vumbi wala tope ndio ua nadhifu. Masika yaliyofuata yalinionyesha kosa langu: maji yaliyozoea kunywewa na mchanga yalikosa pa kuingia, yakafika kizingitini, na mengine yakateremka kwa jirani, ambaye alikuwa na haki kabisa ya kuja kulalamika. Ilipofika Januari, zege lilishika joto la mchana kutwa, na hata saa tatu usiku tulilihisi chini ya nyayo.

Nilivunja zaidi ya nusu yake, nikabakiza njia ya kutoka getini hadi mlangoni. Kwingine tulirudisha udongo uliochanganywa na samadi, tukapanda ukoka, na upande wa magharibi, linakopiga jua la alasiri, tukapanda mwarobaini mbali kidogo na ukuta ili mizizi isisumbue msingi. Vipande vya zege havikutupwa. Ndivyo vinavyozunguka matuta ya mchicha.

Maji ya paani nayo yanastahili hesabu. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1 ya maji; kwa hiyo paa letu la mita za mraba 80, mvua ikinyesha milimita 25, hupokea lita 2,000, ingawa kiasi fulani hupotea njiani. Maji ya mwanzo yasiingie tangini, kwa sababu hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Mimi huligeuza bomba la gata kwa mkono yamwagike bustanini kwanza, na paa likishaoshwa ndipo nalirudisha. Mdomo wa tangi ufunikwe kwa wavu mwembamba, maana mbu anayeeneza homa ya dengue hupenda kutaga kwenye maji yaliyohifadhiwa majumbani.

Anayejiandaa kumwita fundi ningemwomba asubiri mvua moja kubwa, avae mabuti, asimame uani na kutazama maji yanakotoka na yanakoelekea, kisha apachike vijiti pale yanapotuama. Hapo ndipo pa kuacha udongo wazi.