Zawadi ya mshindi ndiyo iliyowaliza watoto wako

SWALI: Mwalimu, likizo hii niliwaandalia watoto wangu watatu, wenye miaka 4, 7 na 10, mchezo wa kusaka vitu nilivyovificha humu nyumbani. Niliandika orodha ya vitu 20, nikaahidi kwamba atakayemaliza wa kwanza atapata soda na pakiti ya peremende. Hazikupita dakika nyingi, mkubwa akawa amemaliza, wa kati anadai kwamba ameibiwa vitu vyake, na mdogo analia. Ninataka kurudia Jumamosi. Je, ninunue zawadi gani ili wote waridhike? Pia kuna mtu anauza kwenye WhatsApp orodha anazosema zinaongeza akili ya mtoto. Nizinunue? – Mama wa watatu, Morogoro.

JIBU: Mama wa watatu, usinunue zawadi yoyote, na hizo orodha usizilipie hata shilingi. Maswali ya namna hii hunifikia kila shule zinapofungwa, na karibu yote yamejengwa juu ya dhana moja, kwamba mtoto hatatafuta kitu kwa moyo mpaka aahidiwe malipo. Dhana hiyo ndiyo iliyowaliza watoto wako. Ulipotangaza kwamba soda ni ya mmoja, msako uligeuka mbio, na mbio za mtoto wa miaka 4 na wa miaka 10 zina mshindi kabla hazijaanza. Wa kati, aliyekuwa na matumaini kidogo, alibakiwa na njia moja ya kujitetea, nayo ni kulalamika.

Jambo hili limechunguzwa zamani. Mwaka 1973, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti walioufanya katika shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa watoto wa miaka 3 hadi 5 ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi yao waliahidiwa cheti kizuri chenye utepe iwapo wangechora, wengine walipewa cheti hicho baada ya kuchora bila kuambiwa mapema, na wengine hawakupewa kitu. Kalamu ziliporudishwa darasani siku kadhaa baadaye, bila ahadi yoyote, wale walioahidiwa cheti walizitumia kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa bila kutarajia hawakupunguza hamu yao. Kwa hiyo, ukitaka kuwakatia watoto embe mchezo ukiisha, wakatie, ila usiliahidi mwanzoni na usimtenge hata mmoja.

Jumamosi toa kikapu kimoja kwa wote watatu. Punguza vitu viwe vinane au kumi, na badala ya kuvitaja kwa majina, eleza sifa zake: kitu chenye mashimo mengi, kitu kinachonukia ambacho hakiliki peke yake, kitu kilicho baridi hata jua likiwa kali. Hapo ndipo utakapoona kazi ya kweli. Mtoto wa miaka 4 atashika chujio, aliinue kwenye mwanga wa dirisha, kisha aulize kama chekeche nalo linakubalika. Mkubwa atasema ndiyo, wa kati atakataa kwa sababu kikapu kinahitaji kimoja tu, na mabishano hayo ya nusu dakika yatawafunza kulinganisha na kutoa sababu kuliko soda yoyote. Usiyakatishe. Mdogo awe ndiye anayetia kitu kikapuni, wa kati asome maelekezo kwa sauti, na mkubwa, ambaye msako wa kawaida umeshakuwa mwepesi kwake, umpe kazi ya kutunga baadhi ya madokezo tangu Ijumaa usiku.

Kwa madokezo, vitendawili unavyo tayari. “Nyumba yangu haina mlango” kitawapeleka kwenye trei ya mayai, na “Mzungu katoka Ulaya na mkono kiunoni” kitawapeleka kwenye vikombe. Orodha nyingi zinazouzwa zimenakiliwa kutoka nchi za baridi, zikimtaka mtoto wa Morogoro atafute koni la msonobari na glavu za sufu, halafu muuzaji anaongeza ahadi ya akili asiyoweza kuithibitisha kwa namna yoyote. Mtu anayemwambia mzazi kwamba karatasi moja itaongeza akili ya mwanawe anafanya biashara na wasiwasi wa mzazi huyo, na ninasikitika kuona fedha ya daftari ikiishia huko.

Kuna hatari nyingine ya zawadi inayonitia hofu zaidi ya machozi ya mshindwa, nayo ni desturi ya kuficha peremende zenyewe kabatini, chini ya sinki au nyuma ya mitungi. Mtoto mdogo aliyeokota peremende chini ya sinki leo atarudi hapo kesho akiwa peke yake, kwa kuwa tumemfundisha kwamba kinachopatikana mafichoni huliwa. Vidonge vingi vina rangi na umbo la peremende, na katika nyumba nyingi mafuta ya taa na dawa ya kung’arisha nguo huwekwa kwenye chupa za soda au za maji. Betri ndogo za duara, zile za rimoti na za saa, zikikwama kooni zinaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili. Kwa sababu hiyo, chakula kisifichwe kabisa, na kila kinachosakwa kikae mahali wazi, chini ya kimo cha macho ya mtoto wako mdogo, mbali na jiko na ndoo zenye maji. Kabla hujaandika dokezo la kwanza, pitia kila kabati linalofikiwa na mkono wake. Dawa, betri na chupa za mafuta ya taa utakazozikuta humo zihamishie juu na kuzifungia leo hii, hata kama mchezo wa Jumamosi utaahirishwa.