Usiuze hizo chupa tano za Burgundy

Mkuu, futa kwanza hilo tangazo lako la kuuza hapa jukwaani. Umefungua chupa moja kati ya sita za Morey-Saint-Denis ya 2021, mvinyo mwekundu wa kijiji cha Burgundy huko Ufaransa, ukanusa majani mabichi, ukapiga mafunda mawili, tayari unazipiga bei zilizobaki?

Mimi niliuza. Kasha langu lilikuwa la Gevrey-Chambertin, kijiji jirani, zabibu nyekundu ya Pinot Noir iliyochachushwa vishada vizima kama yako, vikonyo vyote ndani. Glasi ilinuka kama bua la mnyanya lililovunjwa sasa hivi, na ukakasi ukanikamata fizi kama nimetafuna ndizi mbichi. Nikampigia muuzaji, bwana mmoja wa kuvaa skafu hadi Julai. Akanijibu kiprofesa kwamba zabibu hazikuiva na harufu hiyo haitatoka milele. Milele! Tena akanitafutia mnunuzi mwenyewe, rafiki yake, kwa bei ya kutupa. Huruma iliyoje. Asubuhi chupa zikaondoka. Jioni nikachukua ile nusu iliyobaki jikoni niimwage kwenye mchuzi wa nyama, nikainusa kwa mazoea tu: mawaridi, karafuu, majani ya chai makavu. Ule ubichi ulikuwa umesogea nyuma, umebaki kwa mbali unanogesha. Mchuzi haukupata kitu siku hiyo, na mimi sikulala.

Yule bwana alijua, au hakujua na bado anauza mvinyo. Sijui lipi baya zaidi. Kikonyo kina tanini zake, ndiyo huo ukakasi. Kinatoa potasiamu inayolegeza makali ya asidi, na kinanyonya rangi, kwa hiyo wekundu kupauka usikutishe. Punje zikibaki nzima, uchachushaji unaanzia ndani ya punje yenyewe, na sehemu kubwa ya manukato inatoka humo. Watengenezaji wakubwa wa Burgundy, Domaine de la Romanée-Conti, wanatumia vikonyo, na wenzao Dujac wamejijengea jina navyo. Hao nao hawaijui zabibu iliyoiva? Marehemu Henri Jayer, mtengeneza mvinyo wa huko huko, alivitoa vyote na alikuwa bingwa vilevile, kila mtu na mkono wake. Halafu 2021 yako ulikuwa mwaka wa baridi, jalidi ya Aprili iliunguza machipukizi. Mwaka kama huo kikonyo hakikauki kuwa kahawia vizuri, ubichi lazima ujitokeze mapema.

Kwa hiyo chupa moja, siku mbili. Mvinyo wa vikonyo ukiwa mchanga hauhukumiwi kwa glasi ya kwanza, hata aliyekuuzia aape kwa kaburi la bibi yake. Rudisha kizibo, weka kwenye friji, kesho itoe mapema ifike nyuzi 15 hivi, mimina kidogo, zungusha, nusa kabla hujanywa. Ukikuta bado ni bua tupu, funga tena, onja keshokutwa. Zile tano zilaze gizani miaka kadhaa, usizichungulie.

Uliuliza pia glasi ya umbo gani, na jibini nadhani. Wataalamu wa jibini wamo humu, watakujibu. Wewe tafuta kizibo.