Jani likipona usidhani virusi vimeisha

Kama ndo unaanza kufanya kazi na virusi vya mimea, iwe kwa masomo au kwa sababu una kitalu chako, naomba uanze na hili ambalo mimi nililielewa nimeshachelewa: jani kutoka safi ni kitu kimoja, virusi kuondoka kwenye mmea ni kitu kingine kabisa.

Nilikuwa na miche 12 ya tumbaku maabara, nikaipaka virusi vya madoa pete. Unatwanga jani lenye ugonjwa, unanyunyiza unga wa kukwaruza juu ya jani zima, afu unasugulia ule utomvu kwa kidole, taratibu usije ukalichana. Siku chache tu majani yakaanza kutoa pete, duara ndani ya duara, mengine na michirizi ya kahawia inayofuata mishipa, na yaliyochipua baada ya hapo nayo hivyo hivyo. Afu baada ya wiki tatu hivi naona majani ya juu kabisa yanatoka kijani safi, hata doa hakuna, wakati huku chini mmea umechakaa. Nilifurahi mno! Nikaamua yale majani safi niyatumie kama mfano wa mmea usio na virusi kwenye jaribio lingine, nikayatwanga nikapaka miche mipya, na ile miche ikaugua yote.

Kumbe mtu anaitwa Wingard alishaliona hili 1928, tumbaku ile ile na virusi vile vile: majani ya juu yanapona, ukiyapaka virusi hivyo mara ya pili hayaumwi tena, lakini utomvu wake bado unaambukiza. Jibu la kwa nini lilianza kueleweka miaka ya 1990, na 1999 watafiti Hamilton na Baulcombe wakaonyesha vile vipande vifupi vya RNA (molekuli inayobeba maelezo ya jeni, ndugu wa DNA) vinavyoulinda mmea.

Inavyokwenda ni hivi. Virusi vingi vya mimea jeni zake ni RNA, na vikijinakili ndani ya seli vinatengeneza RNA ya nyuzi mbili zilizoshikana, kitu ambacho kwenye seli iliyo salama ni nadra, kwa hiyo seli inashtuka. Protini zinazoitwa daisa, hasa DCL4 na akizidiwa huyo DCL2, zinaikata ile RNA vipande vya herufi 21 au 22, herufi ni vile vijenzi vinavyopangana kuunda RNA. Hivyo vipande ndo RNA ndogo zenyewe. Protini nyingine, ajonoti, inachukua kipande, inabaki na uzi mmoja na kuutumia kama picha ya mtu anayetafutwa, RNA yoyote ya virusi ikipita inayolingana na ile picha inakatwa palepale. Kinachonigusa kila nikikifikiria ni kwamba mmea hauishii hapo, unazalisha RNA ndogo nyingine nyingi kwa kutumia kimeng'enya RDR6, na zinasafiri seli hadi seli kupitia vitundu vinavyoziunganisha, kisha zinaingia kwenye mirija ya chakula mpaka kileleni, yaani chipukizi linakua huku ulinzi umeshalisubiri. Ndo maana la juu linatoka safi. Virusi vimebanwa, vimepungua, lakini vimo. Kwa hiyo usikate pingili wala usitunze mbegu kwenye mmea uliopona ukadhani una mmea usio na virusi, pima kwanza.

Na virusi navyo havikai kimya. Vingine vina protini P19 inayozikumbatia RNA ndogo kabla hazijafika kwa ajonoti, na virusi Y vya viazi vina HC-Pro ambayo nayo inavuruga huu ulinzi. Hapo ndo utaelewa kwa nini virusi X na Y vya viazi vikikutana kwenye mmea mmoja madhara yake yanazidi sana kila kimoja kikiwa peke yake, Y anauvunja mlango na X anaingia kwa raha. Kwa hiyo ukiona batobato isiyo ya kawaida, kali ghafla, usipime kirusi kimoja ukaridhika. Angalia na joto pia, ulinzi huu unalegea kwenye baridi ya nyuzi 15 hivi na unakaza kukiwa na joto, kwa hiyo chumba kisipotulia majibu yako hayatatulia, wewe utalaumu mbegu bure.

Kingine kwa wa maabara. Mwanzoni nilikuwa nasafisha RNA kwa vichujio vya kawaida na kila nikiendesha jeli (inayotenganisha RNA kwa ukubwa, ndogo zikienda chini) sioni chochote chini, nikarudia mara nne, nilishaanza kuamini mimea yangu haina ulinzi kabisa. Vichujio vingi vya namna hiyo vinashika RNA ya herufi 200 kwenda juu, zile za 21 zinapita na maji unayomwaga! Tumia njia inayozibakiza, ongeza alkoholi kabla ya kuchuja kama maelekezo yake yanaruhusu, au ifanye RNA yote ijitenge na kutuama chini kwa alkoholi bila kichujio. Na kama unatumia Nicotiana benthamiana, ndugu wa tumbaku, ule mmea tunaoupenda wote kwa sababu unaugua haraka, jua jeni yake ya RDR1 imeharibika, ni mmoja wa walinzi hao hao, kwa hiyo usichukue majibu yake ukayapeleka kwa kila mmea.

Siku hizi kila mmea nachukua majani mawili, la chini lenye pete na la juu lililo safi, na namba ya jani naiandika kwenye kichupa kabla sijakata, maana yakishasagwa kwenye naitrojeni ya kimiminika yote yanakuwa unga wa kijani na huwezi tena kujua lipi ni lipi.