Intani wapya (madaktari wa mafunzo kazini), hiyo stetoskopu siyo tai

Juzi kwenye raundi nimekuta dogo kaandika "pumu" kwenye faili. Mgonjwa ana miaka 23, kajifungua jana yake, hajawahi kuugua pumu maishani, anahema kakaa kitako maana akilala anakabwa. Nikamnyang'anya nebulaiza, ile mashine ya kuvutia dawa ya pumu, mkononi. Samahani dogo, zile hasira hazikuwa zako, ni za zamani.

1. Mapigo hesabu dakika nzima. Mambo ya sekunde 15 mara nne, moyo unaorukaruka utakudanganya.

2. Hii ndo yangu. Nikiwa intani, zamu ya usiku, wodi ya wazazi. Mama kajifungua salama saa tatu, saa sita sista ananiita anabanwa kifua. Nikasikia mluzi, nikasema pumu hiyo, salbutamol. Presha iko chini kidogo nikaona kapoteza damu, nikamfungulia na dripu lita nzima iende mbio. Nusu saa baadaye anakohoa povu la pinki, lile povu kwenye pindo la khanga naliona mpaka leo.

Kumbe valvu ya mitral, mlango wa moyo upande wa kushoto, imekaza, kovu la rheumatic, ile homa inayofuata maambukizi ya koo na kuharibu moyo, matonsi ya utotoni yaliyosukutuliwa maji ya chumvi yakaachwa hivyohivyo. Sasa fikiria, mlango huo kwa mtu mzima una sentimita za mraba 4 mpaka 6, wa kwake umebaki tundu la kifungo, na damu inapita pale moyo ukiwa umepumzika tu. Mimi na salbutamol yangu nikaukimbiza, muda wa kupumzika ukaisha, damu ikarudi kujaa mapafuni. Halafu kizazi kikinywea kinarudisha kama nusu lita ya damu kwenye mzunguko, na mimi juu yake naongeza dripu! Nilimzamisha kwa mikono yangu.

Sista alifunga dripu bila kuniuliza, akamkalisha, akaweka oksijeni, akanikabidhi Lasix, dawa ya kutoa maji mwilini, nichome. Ndo akaniambia taratibu, "mwanangu, moyo uliusikiliza?" Wapi. Stetoskopu ilikuwa shingoni usiku kucha. Mama alipona, akapewa rufaa ya eko (kipimo cha picha ya moyo), mimi nikaenda kulia chooni.

3. Mlaze ubavu wa kushoto, tumia upande mdogo wa stetoskopu, gusa tu usikandamize. Sauti ya valvu hiyo iliyokaza ni ngurumo kama lori linapita barabara ya mbali. Wodi ina kelele? Funga mlango, wataudhika, watapoa.

4. Mishipa ya shingo ni bure kuitazama, haihitaji umeme wala kibali cha mtu.

5. Penadur, sindano ya penisilini ya kuzuia rheumatic isirudi, kila wiki 3 au 4, na usimruhusu mtoto bila tarehe ya kurudi. Inauma kweli, wanatoroka, nisingewalaumu.

Yule mgonjwa wa juzi tulimgeuza pamoja na dogo. Akasikiliza kimya kama dakika mbili hivi, akanitazama, "kaka, ndo hii?"

Ndo hiyo.