Maswali na majibu: Sehemu ya kwanza haina udhuru

Wiki hii nimekusanya maswali yanayohusu sehemu ya kwanza ya tamthilia mpya, ile ambayo Wamarekani huitengeneza kama ya majaribio na kuiita pailoti. Yamekuwa mengi kuliko ya jambo jingine lolote. Yaliyojirudia nimeyajibu mara moja tu.

Shikamoo anti. Kwa nini tamthilia nyingi sehemu ya kwanza ni moto, halafu ikifika ya tatu inapoa? (Msomaji, Mwanza)

Marahaba. Kwa sababu sehemu ya kwanza haikutengenezwa kwa ajili yako. Kwa miongo mingi stesheni kubwa za Marekani zimekwenda hivi: mwandishi anauza wazo, anaandika skripti, stesheni ikiridhika inalipia sehemu moja tu ya majaribio. Ikifika Mei wakubwa wanachagua chache na kuzitangaza New York mbele ya kampuni zinazonunua matangazo. Zilizobaki zinaishia kabatini. Pailoti, basi, ni ya kumshawishi bosi mwenye hela. Ndiyo maana inapewa mwongozaji mkubwa, siku nyingi za kupiga picha na bajeti ambayo sehemu ya tano haitaiona kamwe.

Chukua Lost, tamthilia ya abiria walionusurika ajali ya ndege kisiwani, iliyoanza kuonyeshwa kwenye stesheni ya ABC Septemba 2004. Sehemu yake ya kwanza iligharimu zaidi ya dola milioni 10. Walinunua ndege halisi iliyostaafu, wakaikata, wakasafirisha vipande mpaka Hawaii na kuvitawanya ufukweni. Bosi aliyeiagiza, Lloyd Braun, alipoteza kazi kabla haijaruka hewani. Ikishakubaliwa sasa, timu ileile inatakiwa kutoa sehemu zaidi ya ishirini kwa msimu, kila moja ikipigwa kwa siku nane hivi. Lazima pumzi ikate.

Kwa hiyo ukitaka kujua tamthilia ilivyo, tazama ya pili. Hiyo ndiyo ya kwanza kutengenezwa kwa mwendo wa kawaida.

Kwetu ugonjwa ni mwingine. Tamthilia zetu nyingi zinaingia hewani bila jaribio lolote. Mwigizaji bado anamtafuta mhusika wake, mwandishi bado hajui nani ni ndugu wa nani, na sisi tunatazama hayo yote saa moja na nusu usiku, kama mazoezi vile. Ningekuwa na mamlaka ningeilazimisha kila stesheni ipige sehemu moja, iwaonyeshe watu thelathini wasiomjua mtayarishaji, iwasikilize, halafu iirudie upya. Gharama ya kurudia sehemu moja ni ndogo kuliko ya kurusha sehemu mia moja zisizotazamwa.

Naomba unitajie tamthilia mpya nzuri. (Wengi mno)

Nzuri kwa nani? Hamniambii mnapenda nini, mna king'amuzi gani, wala mnatazama na watoto au peke yenu. Swali la namna hii sitalijibu tena. Andika: "Nilipenda hii kwa sababu hii, nimechoka na ile." Hapo tutazungumza.

Niliacha dakika ya kumi. Mume wangu anasema nina haraka. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

Kama simu ilikuwa mkononi unasoma meseji, mume wako yuko sahihi, na wengi wenu mnaoniandikia kwamba "hakieleweki" ndivyo mnavyotazama. Ila kama macho yalikuwa kwenye runinga, umewatendea haki. Mwanzo wa tamthilia naudai kitu kimoja tu: unijulishe mtu mmoja, na kitu anachokitaka au kinachomuuma. Kisa chote kitakuja baadaye.

Watu wakiikumbuka sehemu ya kwanza ya Breaking Bad, ya Januari 2008, wanakumbuka ile suruali inayopeperuka jangwani. Hiyo ni ya kukuita tu ukae kitini. Kinachokushika kinafuata. Walter White ni mwalimu wa kemia wa sekondari. Akitoka shule anakwenda kufanya kazi ya pili kwenye sehemu ya kuoshea magari. Yuko kwenye kaunta, bosi anamwondoa pale na kumtuma nje akaoshe. Anapiga magoti anasugua tairi, kumbe mwenye gari ni mwanafunzi wake mwenyewe, aliyemkaripia darasani mchana ule, na msichana aliye naye anatoa simu awapashe wenzake. Hakuna anayetamka kwamba mwalimu amedhalilika. Mwalimu wa Morogoro anayemaliza vipindi kisha anapanda bodaboda yake kutafuta abiria hahitaji kuelezwa.

Sasa linganisha na mwanzo tunaopewa hapa: droni inapita juu ya Daraja la Tanzanite, inazunguka maghorofa ya Posta, inashuka kwenye jumba lenye bwawa la kuogelea, muziki unapigwa, dakika nne zimekwisha na hatujamjua mtu hata mmoja. Waongozaji, iacheni droni. Dar tunaifahamu.

Kwa nini sehemu ya kwanza wahusika wanajitambulisha kama wako usaili? Eti "wewe mdogo wangu wa tumbo moja uliyesoma Dodoma"! (Msomaji, Dodoma)

Kwa sababu mwandishi anaogopa kwamba hutaelewa, na uoga wake una msingi. Game of Thrones ilipigwa sehemu ya majaribio mwaka 2009. Watengenezaji wakawaonyesha marafiki zao waandishi, na hao wakamaliza kutazama bila kugundua kwamba Jaime na Cersei, wanaofumaniwa pamoja, ni ndugu wa damu. Mwisho wa sehemu ile unasimama juu ya undugu huo! Stesheni yake, HBO, ikakubali irudiwe karibu yote, na baadhi ya waigizaji wakabadilishwa, akiwemo aliyeigiza Daenerys. Iliyoonyeshwa Aprili 17, 2011 ndiyo hiyo ya marudio. Hayo ndiyo matunda ya kuwaonyesha watu mapema wakuambie ukweli.

Lakini mwandishi wa Kiswahili ana njia nyepesi kuliko mwenzake wa Marekani, na inaniuma anapoiacha. Sisi tunaitana kwa undugu siku nzima. Mtu akiingia sebuleni akasema "Wifi, kaka yuko wapi?" nimeshajua nyumba nzima imekaaje. Mkwe akisema "Shikamoo mama" bila kumtazama, na mama akaitika "marahaba" huku anaendelea kuchambua mchele, nimeshajua kuna vita. Maneno saba yametosha. Mnatafuta nini kwenye "mdogo wangu wa tumbo moja"?

Steringi wangu amekufa sehemu ya kwanza. Mimi nimeacha. (Msomaji, Temeke)

Hata wakubwa wa ABC walihofia watu kama wewe. Kwenye mpango wa mwanzo wa Lost, daktari Jack alikuwa afe katikati ya sehemu ya kwanza ili tujue hakuna aliye salama. Stesheni ikasema watazamaji watakasirika, Jack akabaki na rubani akafa badala yake. Kwenye ER, tamthilia ya hospitali ya mwaka 1994, nesi Hathaway naye alikuwa afie kwenye pailoti. Watazamaji wa majaribio walimpenda, akaachwa hai, akakaa miaka sita.

Mimi nakubali steringi afe, ila afe kwa sababu iliyo ndani ya kisa. Akiuawa ili watu wapige kelele mitandaoni usiku ule, acha na usirudi.

Trela imeonyesha kila kitu. Niangalie bado? (Msomaji, Arusha)

Acha kutazama trela.

Ni kweli Netflix hawatengenezi sehemu ya majaribio? (Msomaji, Nairobi)

Kwa sehemu kubwa ni kweli, na House of Cards ndiyo iliyofungua njia. Waliagiza misimu miwili kwa mpigo, sehemu 26, bila kuona hata moja ya majaribio, na msimu wa kwanza ukatoka wote siku moja, Februari 2013.

Waandishi walishangilia, na mimi nilishangilia nao, maana pailoti nyingi nzuri zimeuawa na wakubwa waoga. Ila sasa tunalipa gharama yake. Mwandishi anajua sehemu ya pili itajicheza yenyewe hujashika rimoti, kwa hiyo ya kwanza haina haraka ya kukupa chochote. Mashabiki wanakuambia "vumilia, inakolea kuanzia ya nne." Vumilia kwa nini? Sehemu nne za saa moja ni jioni nne za mtu anayefanya kazi, tena kwa bando lake.

Inawezekana kabisa kufanya vizuri bila pailoti. Sehemu ya kwanza ya Squid Game, ya Septemba 2021, haikunipotezea muda. Kabla ya ule mchezo wa kutisha unamwona steringi, Gi-hun, akimpa binti yake zawadi ya kuzaliwa kutoka kwenye mashine ya mchezo wa kunasa zawadi. Mtoto anafungua boksi, ndani mna kiberiti cha gesi chenye umbo la bastola. Hapo nilishaamua: popote atakapokwenda mzee huyu, na mimi nipo.

Naomba link ya kudownload bure. (Wengi)

Hapana. Na kwa Kiswahili chetu: kazi ya Bongo ukiichukua kwenye magrupu ya bure, huyo uliyemuibia si tajiri wa Marekani, ni mpiga picha wa Sinza anayedaiwa kodi. Kesho usiniulize kwa nini msimu wa pili hautoki.

Nimeona sehemu ya kwanza ya tamthilia mpya ya hapa. Picha safi, ila sauti mara inapanda, mara haisikiki, jenereta linanguruma. Niendelee kwa uzalendo? (Msomaji, Tanga)

Usiendelee, na uwaandikie uwaambie kwa nini. Kusifia kazi mbovu kwa kuwa ni ya nyumbani kumewaharibu watu wenye vipaji kuliko wakosoaji wote.

Kuhusu sauti nina hasira ya miaka. Mtayarishaji anakodi kamera ya bei ya gari, halafu kazi ya sauti anampa kijana aliyekuja kubeba taa. Hakuna anayezima friji ya mwenye nyumba kabla ya kurekodi. Hakuna anayerekodi ukimya wa chumba kwa dakika moja ili mhariri apate cha kuzibia mapengo. Mtazamaji anavumilia picha yenye giza. Asiposikia neno, anahama stesheni.

Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na wakwe zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Watu waliokuwa hawajui chochote kuhusu Beijing walikaa wakafuatilia ndoa ya binti wa kule, kwa kuwa kila neno lilisikika na ugomvi wa mkwe tunaujua. Na Country Queen, tamthilia ya kwanza ya Kenya kutoka na nembo ya Netflix, iliyotoka Julai 2022, ilinishika mapema kwa masikio: Akisa anatoka Nairobi kurudi kijijini, na watu wanahama kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili kwenda Kikamba kulingana na nani yuko mbele yao. Ukisikiliza tu unajua nani ni mwenyeji na nani amekuja kununua ardhi.

Mimi ni mwandishi chipukizi. Stesheni imeikataa sehemu yangu ya kwanza, wanasema ni nzito. Niache? (Msomaji, Zanzibar)

Pole, na usiache. Stesheni ya NBC iliikataa pailoti ya kwanza ya Star Trek, tamthilia ya safari za anga za mbali, kwa sababu za namna hiyohiyo, kwamba inafikirisha mno, lakini ikaomba nyingine, jambo ambalo si la kawaida. Nahodha akabadilishwa, karibu wahusika wote wakaondolewa. Aliyebaki ni Spock, ambaye stesheni nayo ilitaka aondoke. Muumba wake, Gene Roddenberry, akamng'ang'ania. Ilianza kuonyeshwa Septemba 1966.

Kwa hiyo mtafute Spock wako: mhusika mmoja ambaye bila yeye hakuna tamthilia. Mengine yote kubali kuyaandika upya. Kisha uniletee kurasa kumi za mwanzo, si faili zima, na droni isiwepo.