Maswali ya fizikia: jiwe lililorushwa

*Mwalimu, jiwe limerushwa kutoka juu ya ukuta wa mita 15, kasi 20 m/s, pembe 30° kwenda juu, g (mchapuko wa mvutano wa dunia) = 10. Nimepata umbali wa mita 34,6 lakini kati ya majibu ya kuchagua halimo. (Kadutu, Bukavu)*

Umechukua v²·sin2α/g (v ni kasi ya kurusha, α ni pembe) bila kuangalia jiwe linatua wapi. Fomula hiyo ni ya jiwe linaloangukia usawa uleule lilikotoka. Kwenye mita zako 34,6 jiwe limerudi tu usawa wa juu ya ukuta, bado lina mita 15 za kushuka.

Chora mihimili, x mlalo na y wima, sifuri ya y iwe chini ya ukuta. Gawa kasi: mlalo 20·cos30° = 17,3; wima 20·sin30° = 10. Mlalo hakibadiliki kitu, x = 17,3t. Wima, y = 15 + 10t − 5t². Ardhini y = 0, yaani t² − 2t − 3 = 0, na t ni 3 au −1. Wakati hasi ni kabla ya kurusha, utupe. Sekunde 3, mita 52.

Wengi huandika +5t² ilhali y wameielekeza juu. Hapo delta (b² − 4ac) inatoka hasi, t haipatikani. Ukiiona hivyo kagua alama zako, usiseme swali ni bovu.

*Juu kabisa kasi si inakuwa sifuri? (Goma)*

Hapana. Ya wima tu. Jiwe la Kadutu linapita kileleni kwa 17,3 m/s, na g inaendelea kulivuta vilevile.

*Mashine yangu inasema sin 30 ni −0,988. (Lubumbashi)*

Iko kwenye radiani. Ikisema 0,454 iko kwenye gradi (GRA), ambazo si digrii. Irudishe kwenye digrii, uhakikishe inatoa 0,5 kabla hujaketi mtihanini.

*g ni 9,8 au 10? (Goma)*

Jamani, kila mara swali hili! Ni ile uliyopewa. Kwa jiwe la Kadutu, 9,8 inatoa mita 52,8. Tofauti haifiki mita moja. Kinachoua ni kuanza na moja na kumalizia na nyingine.

*Tuandikie fomula zote tuzikariri kwa ajili ya Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. (Kamalondo, Lubumbashi)*

Ni mbili: x = v·cosα·t na y = h + v·sinα·t − gt²/2, h ikiwa kimo cha kuanzia. Kimo, muda, umbali, vyote vinatoka humo. Msinunue karatasi za fotokopi zenye fomula ishirini zisizotaja masharti. Jaribuni ile ya umbali, v²·sin2α/g, kwa jiwe lililorushwa mlalo kutoka ghorofani: pembe ni 0°, nayo itawaambia jiwe limeanguka umbali wa sifuri.